Tulikuwa Tumeshaagwa

Mwezi uliopita tulipomzika Baba, Baba mdogo Lazaro ndiye aliyesoma historia ya marehemu. Alisimama chini ya turubai kando ya jeneza, miwani yake imefungwa plasta kwenye mkono mmoja, akaishika karatasi mbali na uso kwa urefu wote wa mkono wake, akasoma polepole kama anayeogopa kuruka neno. "Marehemu kaka yangu hakujaliwa kumzika mama yetu," alisoma. "Wakati huo alikuwa ameshavuka bahari, yeye na familia yake. Mungu peke yake anajua jinsi jambo hilo lilivyomuumiza." Watu wakaguna kwa huruma. Mama, aliyekaa kiti cha pembeni yangu, aliinamisha kichwa, na mimi nikaangalia viatu vyangu vilivyoshika udongo wa mgombani. Baba hakuwa amevuka bahari. Siku Koko alipofariki, Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu, Baba alikuwa mjini Arusha, katika gereji moja ya Ngarenaro, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka hapo anapolala sasa. Na habari za msiba alizisikia kutoka kinywani mwa Lazaro mwenyewe. Lazaro hajui. Zaidi ya miaka thelathini imepita, na bado hajui.

Ya ukoo wetu sitayaandika, yalisomwa siku ile na yalikuwa ya kweli. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na saba, Mama akiwa muuguzi na Baba fundi wa magari, na Mama akapata kazi katika hospitali ya ng'ambo. Tungekwenda wote: Baba, Mama, mimi na mdogo wangu Upendo aliyekuwa na miaka minane. Kwa miezi kadhaa nyumba yetu ya kupanga pale Ngarenaro ilikuwa kama stendi. Watu walikuja kutupongeza na kuangalia vyombo kwa pamoja. Aliyepewa kabati alibandika jina lake kwenye kabati, aliyepewa meza akabandika kwenye meza, nasi tukawa tunakula chakula juu ya jina la mama mmoja wa kwaya. Mama alininunulia sweta la mtumba, zito, la rangi ya kijivu, lenye mifuko miwili mikubwa, akasema huko tuendako hata mwezi wa Agosti watu hawavui sweta. Nililivaa ndani ya nyumba kulizoea, jasho likinitoka, na Upendo akinicheka.

Kwetu mtu haondoki kimya. Anayeondoka bila kuaga anaonekana kama anayetoroka, na ndugu zake ndio wanaobaki kujibu maswali. Baba alitaka kuagwa kuliko alivyotaka kusafiri, nalisema hilo bila kumwonea. Mchungaji alisema Jumapili iliyokuwa wazi usharikani ni moja tu mwezi ule wa Juni, zinazofuata zina harusi na kipaimara. Tiketi zilikuwa zimeshawekwa, viza zilikuwa zimebaki kugongwa muhuri, na kilichosubiriwa ni majibu ya picha za vifua ambazo wasafiri wote walitakiwa kupiga. Mama alisema tungoje majibu kwanza. Baba akacheka. "Nani ana ugonjwa hapa? Angalia mikono hii." Aliinyoosha mikono yake, mikubwa, yenye grisi kwenye mistari ya viganja, na Mama akaiangalia tu. Alikuwa muuguzi, na alikuwa amemsikia akikohoa asubuhi tangu Pasaka. Siku ile niliona tu mke anayechoka kubishana.

Basi tukaagwa. Ibada ilifanyika kijijini, magharibi mwa mlima Meru, na baada ya ibada watu wote walipanda hadi kwa Koko. Ng'ombe dume alichinjwa. Kulikuwa na loshoro kwenye masufuria makubwa, yale mahindi yaliyokobolewa yakachanganywa na maziwa mgando, na wazee walikaa kwenye benchi za kanisa zilizoazimwa, wakatuombea mmoja mmoja. Baba mdogo Lazaro, kijana bado, ndevu hazijakomaa, alimfunika Baba shuka jekundu mabegani na kulia mbele za watu bila kujificha. Koko alikuja mwisho. Alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi, na kikohozi kilimkamata katikati ya baraka, akasimama kukisubiri kipite, akajicheka, akaendelea. Alitutemea mate kidogo kwenye paji la uso, kama wanavyobariki wazee wa kwetu, kisha akanishika mashavu. "Ukifika huko usisahau kula," aliniambia. "Watu wa huko wanakula wamesimama, nimesikia." Alinipa kibuyu cha maziwa mgando tunywe njiani. Nilimwambia asante Koko, nitakuandikia. Jumanne yake majibu yakaja. Pafu la kulia la Baba lilikuwa na doa, na makohozi yakathibitisha: kifua kikuu. Hakuna aliyekatazwa kusafiri moja kwa moja. Baba alitakiwa kumaliza dawa, miezi kwa miezi, apime tena, ndipo faili letu lifunguliwe. Mwajiri wa Mama alikubali kungoja.

Mtu mwingine angepanda kijijini akasema jamani, safari imeahirishwa, tuombeeni. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hatukufanya hivyo, na jibu ni rahisi na la aibu: tulikuwa tumeshakula ng'ombe. Tulikuwa tumeshavalishwa mashuka, vyombo vimeshachukuliwa, Mama ameshakatiwa keki na wauguzi wenzake, mimi nimeshawaachia wenzangu shuleni madaftari yangu kama malkia anayegawa urithi. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa ule ambao watu waliunong'ona, wakiuchanganya na mwingine mbaya zaidi. "Wametuaga," Baba alisema akiwa amekaa sakafuni katika nyumba tupu. "Kwa hiyo tumeondoka." Alikwenda kwa tajiri wake, Bwana Harjit, Singasinga mwenye gereji aliyokuwa anafanyia kazi, akamweleza ukweli wote. Bwana Harjit alikuwa na nyumba Sekei, na nyuma ya nyumba vyumba viwili vya uani ambavyo havikuwa na mtu. Alfajiri ya Alhamisi ile ile ambayo tungepanda ndege, tulihamia Sekei ndani ya pikapu yake, tumefunikwa turubai, kibuyu cha Koko mapajani mwangu.

Vyumba vile navikumbuka kuliko nyumba yoyote niliyoishi baadaye. Kimoja kilikuwa na dirisha lililotazama ukuta. Cha pili kilikuwa na dirisha lililotazama mlima, na Mama alilitundikia khanga, kwa hiyo mlima tuliuona kwa kuchungulia. Baba alilala peke yake kwenye chumba cha ukuta, na kikombe chake, sahani yake na kijiko chake. Sisi watatu tulilala cha mlima. Tulipika kwa jiko la mafuta ya taa ili moshi usionekane, na mke wa Bwana Harjit alituletea dengu na chapati nyembamba kwenye bakuli la chuma, akagonga mara moja, akaondoka bila kusubiri shukrani. Maziwa ya kibuyu tuliyanywa wiki ya kwanza, kidogo kidogo, yakizidi kuchachuka, hadi Upendo akasema yanauma ulimi na hata hivyo hakuna aliyekubali kuyamwaga. Upendo alifundishwa kucheza bila sauti. Aliruka kamba miguu mitupu, midomo ikihesabu, na ukimtazama kwa mbali ungedhani ni mtoto bubu. Hatukwenda kanisani, hatukwenda sokoni, na mimi, niliyeiaga shule kwa maringo, nilikaa uani nikichambua mchele wa Bwana Harjit na kuwachukia wazazi wangu kwa zamu. Baada ya miezi miwili, Baba alipopata nguvu na daktari kusema haambukizi tena, alirudi gereji kwa siri. Alikuwa anaondoka kabla hakujapambazuka, anakaa siku nzima kwenye shimo la nyuma, lile la kushukia fundi chini ya gari, na mafundi wenzake wawili walikuwa watu wa mikoa mingine wasiojua hata kijiji chetu kiko wapi.

Kuta za vyumba vile hazikufika darini, na maneno yalipita juu. Jioni moja ya Julai, Baba akiwa bado mgonjwa, nilimsikia Mama akiongea naye kutoka mlangoni. "Kliniki walikuuliza majina ya watu uliokaa nao karibu," alisema. "Uliandika mangapi?"

"Yetu."

"Na Mama yako? Ulikuwa unalala kwake kila mwisho wa wiki ukijenga zizi. Anakohoa tangu Krismasi, Baba Naomi. Amekonda. Siku ya kuagwa nilimshika mkono nikaogopa."

"Anakohoa moshi. Wazee wote wa kule wanakohoa moshi."

"Anatakiwa apimwe. Dawa ni hizi hizi unazokunywa wewe, na ni za bure."

Kilifuata kikohozi, kisha sauti ya Baba, ndogo kuliko nilivyoizoea. "Nani atamwambia? Wewe uliye Ulaya? Wakimfuata kumpima watamwambia ni kwa sababu ya mwanao. Tukishafika nitaandika."

"Tutafika lini?"

Niliusikia mgongo wa Mama ukiegemea fremu ya mlango.

Siku tatu baadaye, Baba amelala, Mama alinipa bahasha. Alikuwa ameandika kwa muuguzi wa zahanati ya kijijini, mtu aliyemfahamu, akimwomba amwite Koko apimwe makohozi haraka na asiseme habari zimetoka wapi. Kwenye posta ingechukua muda na ingeweza kupitia mikono ya watu wa usharika, hivyo ilibidi ipelekwe kwa mkono. Mama angetambulika hata akiwa na gunia kichwani. Mimi, akasema, nilikuwa nimerefuka. "Zahanati iko kabla ya njia ya kwa Koko," alinisisitizia. "Mpe muuguzi mkononi, geuka, rudi. Usipande." Nilivaa lile sweta la ng'ambo, nikaweka bahasha mfukoni, nikajifunika khanga hadi kwenye nyusi, nikaenda mpaka Ngaramtoni, na kutoka pale nikatembea. Kulikuwa na baridi na manyunyu, ukungu umeshuka hadi kwenye kahawa.

Zahanati ilikuwa na foleni. Kwenye benchi la nje niliwaona akina mama wawili wa kwaya, mmoja wao akiwa yule aliyechukua meza yetu. Nikapita. Nilijiambia nitarudi foleni ikipungua, na miguu ikanipandisha kwa Koko, hata sasa sijui kwa nini, labda nilimkumbuka tu. Nilisimama nyuma ya uzio wa miti, karibu kabisa, nikamwona amekaa kwenye gogo anapukuchua maharage pamoja na jirani yake. Alikuwa amejifunga shuka mbili. Kila baada ya maneno machache alikohoa, akatema kwenye kitambaa, akakikunja.

"Wangu sasa wamezoea," alikuwa anamwambia jirani. "Huko maziwa unaletewa mlangoni kwenye chupa. Hukamui, hufuati."

"Wameandika?"

"Wataandika. Naomi aliniahidi. Yule haongopi, amefanana na mimi."

Jirani akasema Koko amebarikiwa, na Koko akasema ndiyo, nimebarikiwa, nikifa leo sina neno. Akacheka hadi kikohozi kikamkamata. Nilisimama pale nikiwa na bahasha mfukoni. Niliogopa wale mama wa benchi. Niliogopa kwamba muuguzi atauliza, na kijiji kitajua, na Koko atalazimika kuwaambia majirani kwamba hakuna maziwa ya chupa. Nilijiambia namwonea huruma yeye. Sehemu kubwa nilijionea huruma mimi, nikiwaza aibu ya kukutana na wenzangu wa shule. Nilishuka kwa njia ya mtoni, nisipite zahanati. Nilipofika Sekei Mama aliniuliza, "Umempa?" Nikasema nimempa. "Mkononi?" Nikasema mkononi. Akanivua sweta lililolowa, akanikumbatia, akasema Mungu anibariki. Siku mbili baadaye nilipolivaa tena nilikuta bahasha ndani, imekakamaa, wino wa juu umesambaa. Nikajiambia ni yale manyunyu. Niliificha kwenye Biblia yangu na nimeitunza hadi leo bila kuifungua.

Mara mbili tatu Mama alijiuliza kwa sauti kama Koko ameitwa. Kisha akaacha. Oktoba Baba alikuwa amenenepa kidogo na mizani ya kliniki ilimfurahisha. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea chakula cha mchana, nikiingilia mlango wa nyuma wa gereji, penye mapipa ya oili chafu. Siku hiyo, mwezi wa Novemba, nilikuwa na hotipoti ya makande. Lori bovu lilikuwa juu ya shimo na Baba yuko chini, naiona taa yake ya kushika mkononi ikizunguka. Nikasikia mtu anasema shikamoo kwa Bwana Harjit, na sauti nikaijua. Nilikaa nyuma ya pipa. Baba mdogo Lazaro alikuja hadi karibu na lori. Nilikuwa naona viatu vyake, na Baba naye, nina hakika, aliona viatu vile vile, vile vyeusi alivyomwachia siku ya kuagwa.

"Mama amefariki," Lazaro alisema. "Asubuhi. Amekohoa damu, tukamkimbiza hospitali, hakufika. Mzee, wewe ndiye mtu wa kaka ninayemjua hapa mjini. Naomba pikapu nimrudishe nyumbani."

Nilimwona Bwana Harjit akiangalia shimo. Aliangalia kwa muda mrefu sana, mdomo umefunguka kidogo, akimpa Baba nafasi. Ile taa ya chini ilizimika.

"Chukua," Bwana Harjit alisema hatimaye. "Chukua, mwanangu, na mafuta yamo ndani. Pole. Pole sana."

"Kaka hata anwani hakutuachia," Lazaro akasema. "Sijui nitamwambiaje."

Alisimama pale akilia, hatua nne kutoka kwa kaka yake. Kisha viatu vikaondoka, pikapu ikawaka, na geti likafungwa. Baba hakutoka. Bwana Harjit alikuja akachuchumaa ukingoni mwa shimo, akasema kitu kwa Kipunjabi, akavua koti lake na kulishusha chini kama mtu anayemfunika mtoto. Mimi nilirudi Sekei na hotipoti imejaa. Mama aliponiona alijua kuna jambo, na nilipomwambia alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akasema neno moja tu, "Zahanati," na mimi nikaelewa kwamba anamlaumu muuguzi yule. Nikamwacha amlaumu. Siku ya mazishi tulikaa vyumbani, tumevaa nguo nyeusi, tukaimba nyimbo za msiba kwa kunong'ona. Baba aliketi akitazama ile khanga ya dirishani. Hakuiondoa.

Machi tuliondoka kweli, na hakuna aliyetuaga. Baba alifanya kazi kiwandani huko na hakugusa gari tena. Aliandika barua kwa Lazaro akijifanya amechelewa kupata habari, na baada ya hapo alituma zawadi kila Krismasi, akakataa kila mwaka kuja, hadi alipokuja ndani ya sanduku. Mimi nilirudi Arusha miaka ishirini iliyopita, na kila nilipomtembelea Baba mdogo alinikalisha kwenye gogo lile lile na kuniuliza kaka yake anaogopa nini nyumbani.

Jioni ya mazishi, watu wakianza kutawanyika, nilimkuta Mama peke yake kwenye nyumba ya zamani ya Koko. Nilikuwa nimeamua. Nilitoa bahasha kwenye mkoba, nikaiweka kwenye mapaja yake, nikamwambia, "Mama, nisamehe. Sikuipeleka. Muuguzi hakuipata kamwe."

Aliishika bila mshangao. Alipitisha kidole juu ya wino uliosambaa, pale palipokuwa na mwandiko wake.

"Hii siyo mvua, Naomi," alisema. "Nililifua lile sweta kesho yake. Ilikuwa ndani. Niliianika dirishani, ikakauka, nikairudisha mfukoni."

Nilimwuliza kwa nini. Nilimwuliza kwa ukali, mama yangu, mjane wa siku hiyo.

"Nilitaka kuondoka," alisema. "Nilitaka sana kuondoka, na Koko akianza dawa baba yako asingemwacha. Nikasema, kama mtoto hakuipeleka, basi si mimi." Alinirudishia bahasha na kunifumbatisha vidole. "Usimwambie Lazaro. Nikishazikwa, sawa. Si sasa."

Nikasema sawa, Mama. Nimezoea kusema sawa. Nje, Baba mdogo alikuwa anawashukuru waliotoka mbali, akiyasoma majina yao kwenye karatasi, akikwama, akiomba msamaha kwa ajili ya macho yake. Wiki iliyofuata nilimsindikiza Mama kwenye ndege. Kisha nikaanza kuandika kurasa hizi, kwa mkono, kwa herufi kubwa, na leo nimezimaliza. Jana nilipanda kijijini kumsalimia Baba mdogo, na nikampelekea miwani mpya ya kusomea.